Maji ya Ziwa Nakivale: nani anayalinda, na nani analipia ulinzi huo?

Ukikinga maji bombani pale Base Camp, Rubondo au Juru, kumbuka kwamba safari ya maji hayo haikuanzia kwenye tangi. Kwa sehemu kubwa yametoka Ziwa Nakivale, yakapitia mtambo wa kusafisha, yakatiwa dawa, ndipo yakafika kwako. Kabla ya hapo yalikuwa mvua. Mvua hiyo ilinyesha kwenye vilima vya Isingiro unavyoviona kila siku, au ilinyesha mbali zaidi, kwenye vilima vya Buhweju, ikateremka na Mto Rwizi kupitia Sheema na mji wa Mbarara, ikaingia kwenye vinamasi na maziwa ya upande wetu.

Mto Rwizi ndio unaolisha mfumo wa maziwa ya Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola. Ni maziwa madogo yaliyounganishwa na ardhi oevu yenye mafunjo, na mwisho wake maji haya huelekea Ziwa Victoria. Mwaka 2006 eneo la Mburo na Nakivale liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Limepimwa kuwa na hekta 26,834. Wengi wanaoishi ndani na kando yake hawajawahi kusikia habari hiyo. Wanachojua ni kwamba miaka mingine maji ya bomba hukatika, na kwamba ukienda ziwani baada ya mvua kubwa unakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Makala hii inahusu juhudi za wananchi, wakimbizi na wenyeji, za kuulinda mto huu na ziwa hili. Kazi inafanyika, na sehemu yake ni kazi nzuri. Lakini kuna swali ambalo mikutano mingi hulikwepa: familia inayoacha kulima kando ya maji ili sote tunywe maji safi, yenyewe itakula nini?

Tuanze na tope, kwa sababu tope ndilo adui mkubwa hapa.

Ziwa Nakivale lina kina kifupi. Ziwa la namna hiyo haliwezi kumeza udongo kama ziwa refu linavyoweza. Kila msimu wa mvua vilima vilivyo wazi huachia udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, nao huteremka na maji hadi ziwani na kutulia chini. Mwaka baada ya mwaka ziwa linapungua kina. Maji yakiwa machache na yametandaa, jua huyakausha upesi zaidi. Sehemu ambazo samaki kama ngege hutagia mayai hufunikwa na tope. Pampu inayovuta maji nayo huvuta matope pamoja na maji.

Kwenye mtambo, maji ya matope yanahitaji shabu nyingi zaidi ili uchafu utulie chini, na vichujio huziba mapema. Klorini nayo hupotea bure, kwa kuwa dawa hiyo inapigana na uchafu badala ya kupigana na vijidudu. Shabu na klorini hununuliwa kwa pesa. Pampu huendeshwa kwa mafuta, umeme au jua, na vyote vina gharama. Kipimo ambacho UNHCR inakilenga kwenye makazi yaliyokwisha kutulia ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikani moja ya kawaida kwa kila mtu nyumbani. Fedha za misaada zikipungua huku tope likiongezeka, kipimo hicho kinakuwa kigumu kufikiwa. Kwa hiyo shamba lililo wazi kilimani na foleni ya jerikani bombani ni mambo yanayohusiana, hata kama yako kilomita kadhaa mbali.

Sasa, tope hili ni la nani? Hapo ndipo maneno huanza.

Ukizungumza na baadhi ya wenyeji, watakuambia kwamba vilima vilikuwa na miti kabla wakimbizi hawajawa wengi. Ukizungumza na wakimbizi, watakuambia kwamba uchafu unatoka Mbarara, na kwamba wafugaji na wakulima wenye mashamba makubwa ya matooke ndio waliosafisha vilima na vinamasi. Kila upande una sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ugomvi huu hauishi.

Ni kweli kwamba watu walioko Nakivale sasa ni wengi mno kuliko zamani. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia. Leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Watu hao wanapika kila siku, na wengi wao wanapikia kuni au makaa. Wamejenga nyumba, na nyumba inataka miti na matofali. Hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hilo halikugusa miti.

Ni kweli pia kwamba Mto Rwizi uliharibika sehemu ambazo mkimbizi hajawahi kukanyaga. Huko juu kingo zimelimwa hadi mtoni, mchanga umechimbwa, matofali yamefyatuliwa ndani ya vinamasi, na mji wa Mbarara umekua ukiutegemea mto huo huo kwa maji ya kunywa na kwa kubeba taka. Mtu wa Juru akipanda miti elfu, hataweza kuzuia kinachofanyika Mbarara. Na mtu wa Mbarara akisafisha mto wote, hataweza kuzuia udongo unaotoka kwenye vilima vya Isingiro moja kwa moja hadi ziwani. Ziwa linapokea kutoka pande zote mbili.

Ukikaa kwenye mkutano ukasikia watu wanalaumiana hivyo, uliza swali moja dogo: korongo lipi hasa linaleta tope, na linaanzia shamba gani? Korongo huonekana kwa macho. Unaweza kulifuata kwa miguu baada ya mvua hadi linakoanzia. Utakuta mara nyingi linaanzia kwenye njia ya ng'ombe, barabara isiyo na mfereji mzuri, au shamba lililolimwa kwa kushuka mlima badala ya kukingama mlima. Vikundi vinavyofanya kazi vizuri huanza hivi, kwa kutembea pamoja, mkimbizi na mwenyeji, na kukubaliana kwa macho yao wenyewe. Hapo hakuna haja ya kubishana kuhusu nani alifika lini.

Sheria inasemaje? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inasema kwamba serikali inashikilia maziwa, mito na ardhi oevu kwa niaba ya wananchi wote. Haviwezi kuwa mali ya mtu binafsi. Kisha kuna kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, Rwizi ikiwemo, eneo la hifadhi ni mita 100 kutoka ukingoni. Kwa mito mingine midogo ni mita 30. Kwa maziwa makubwa yaliyotajwa ni mita 200, na kwa mengine ni mita 100. Ndani ya eneo hilo huruhusiwi kulima wala kujenga bila kibali. Kuchota maji ya nyumbani, au kukata mafunjo kwa ajili ya mikeka, kanuni hizo hazikukusudia kukuzuia.

Kwenye karatasi jambo hili ni jepesi. Chukua kamba uende ukapime. Ufukwe wenye urefu wa kilomita moja, ukitenga mita 200, unakuwa umetenga hekta 20. Kama kila familia ilikuwa na bustani ya nusu ekari hapo, basi umeondoa bustani za familia karibu 100. Na bustani za kando ya maji si bustani za kawaida. Ndizo pekee zinazotoa mboga, nyanya na vitunguu wakati wa kiangazi, bei inapokuwa nzuri sokoni na vilima vimekauka.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya kile kilichotokea kwenye mgao wa chakula. Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu. Walioonekana dhaifu zaidi walibaki na asilimia 60 ya mgao, waliofuata asilimia 30, na walioonekana wanaweza kujitegemea hawakupata kitu. Mwaka 2025, fedha zilipopungua zaidi, watu karibu milioni moja wakaondolewa kwenye mgao nchi nzima. Familia iliyoondolewa inaambiwa ijitegemee. Ijitegemee wapi? Kiwanja alichopewa aliyefika miaka ya karibuni ni kidogo mno, na kipo kwenye udongo mkavu. Unyevunyevu uko ufukweni. Kwa hiyo anayelima kwenye mita 200 za hifadhi mara nyingi anafanya kile alichoambiwa afanye, ila mahali alipokatazwa.

Nasema haya kwa sababu kampeni nyingi za kulinda mito huanza na vigingi na kumalizikia na vigingi. Afisa anakuja, watu wanapigwa picha, mstari unawekwa, mboga zinang'olewa. Msimu unaofuata mtu anarudi usiku kupanda tena, au anahamia kwenye kinamasi kingine ambacho hakijawekewa kigingi. Mafunjo hayajapona, na uhusiano umeharibika. Mstari ni wa lazima, mimi siupingi. Ninachosema ni kwamba mstari peke yake haujawahi kulinda maji mahali penye njaa.

Nini basi kinafanya kazi? Tuangalie kwanza kule juu mlimani, ambako kazi ni rahisi kukubalika kwa kuwa inamfaidi anayeifanya.

Hesabu kidogo. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 kikinyeshewa mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri moja, kinapokea lita 18,000 za maji. Hizo ni jerikani 900. Kama kiwanja kiko kwenye mteremko na hakina kitu cha kuyashika, sehemu kubwa itashuka na udongo wako. Ukichimba mitaro inayokingama mteremko, maji yanasimama, yanazama, na migomba inayatumia wiki zinazofuata. Udongo uliotoka juu unabaki mtaroni, unaurudisha shambani kwa jembe.

Aina mbili za mitaro hii zina majina ya Kiswahili hata kwenye vitabu vya Kiingereza: fanya juu na fanya chini. Zilijulikana kutoka Machakos, Kenya. Kwenye fanya juu unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa tuta hilo linageuka kuwa ngazi yenyewe. Kwenye fanya chini unautupa upande wa chini; ni kazi nyepesi zaidi, lakini ngazi inachelewa kuundika. Kwenye mteremko mkali, ambako nguvu kazi ni ya mama mmoja na watoto wake, fanya chini yenye majani ya tembo juu ya tuta inatosha kabisa kuanzia. Majani hayo yanashika udongo, na yakikua unalisha mbuzi au unamuuzia jirani mwenye ng'ombe.

Hapa niseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Wakimbizi wengi wa Nakivale walikuja na ujuzi huu. Mtu aliyelima vilima vya Burundi, Rwanda au Kivu anajua mtaro wa kontua ni nini kuliko vijana wengi wanaotumwa kumfundisha. Akikuta semina inaanza kwa kumweleza faida za miti, anasinzia, na ana haki. Miradi iliyo makini huwatafuta wazee hao kwanza, inawauliza walivyofanya kwao, na kuwafanya wao kuwa walimu. Mwenyeji wa Isingiro naye anajua mahali maji yanapopita kila mwaka na mti gani wa asili unastahimili kiangazi cha hapa. Kila mmoja ana nusu ya elimu.

Kuna pia suala la kazi ya pamoja. Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na Waganda wote wana jina lake: ibikorwa rusangi, umuganda, salongo, bulungi bwansi. Maneno haya yanaweza kuwaunganisha watu, lakini tahadhari. Kuna wazee ambao salongo wanaikumbuka kama kazi ya kulazimishwa na chifu, ukikosa unatozwa faini. Kikundi kikitaka watu waje Jumamosi kuchimba mitaro, kianze na mashamba ya wajane na wazee wasio na nguvu, watu waone faida, na kisiwe na orodha ya adhabu.

Tukishuka chini, ukingoni mwa maji, mambo ni magumu zaidi. Mafunjo ndiyo chujio la asili la mfumo huu. Maji yakiingia humo hupunguza kasi, na yakipunguza kasi huangusha tope. Mafunjo yakikatwa juu, hurudi kuota. Yakichomwa na kung'olewa mizizi ili kupanda mboga, chujio limeondoka, na viboko ambao walikuwa wakijificha humo sasa wanakutana na mkulima usiku kwenye shamba lake. Anayelima hadi majini analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Njia ambayo ina matumaini ni ile ya kuuacha ukingo upumzike huku ukiendelea kumlipa mtu. Mizinga ya nyuki inaruhusu hifadhi na pesa pamoja. Mafunjo ya mikeka na paa yakivunwa kwa zamu, upande mmoja mwaka huu na upande mwingine mwakani, yanarudi. Majani ya mifugo yanaweza kukatwa bila kugeuza udongo. Mianzi inapandwa kwenye kingo zinazobomoka. Lakini hakuna kimojawapo kinachoingiza pesa haraka kama nyanya za kiangazi, na tusidanganyane. Mzinga unaweza kukaa miezi mingi bila asali. Kwa hiyo kuna kipindi cha katikati, msimu mmoja au miwili, ambacho mtu anayehama kutoka ukingoni anahitaji kuvushwa: apate kipande cha kulima nje ya mstari, au bomba la kumwagilia bustani ya pamoja juu ya mstari, au awe wa kwanza kupata kazi za kulipwa za kuotesha na kutunza miche. Mradi ukikufikia na mpango wa vigingi, uliza kwanza mpango wa kipindi hicho cha katikati uko ukurasa wa ngapi.

Kuhusu miti yenyewe, tahadhari mbili. Ya kwanza ni hesabu. Ripoti hupenda kuhesabu miche iliyopandwa. Mche uliopandwa mwezi Aprili na kuliwa na mbuzi mwezi Julai haushiki udongo. Hesabu inayofaa ni ya miti iliyosimama baada ya kiangazi cha kwanza na cha pili, na pesa ya utunzaji iende kwa anayeifikisha huko. Ya pili ni aina. Mikaratusi inakua haraka na inaleta nguzo na kuni, kwa hiyo watu wanaipenda, na mahali pake ni mbali na chemchemi na vinamasi, kwa kuwa inakunywa maji mengi. Kingoni ni afadhali miti ya asili na mianzi. Shambani, miti kama grevilea na kaliandra inavumilia kuishi na mazao, na kaliandra inalisha mbuzi.

Na kuni? Jiko banifu la udongo unaweza kulijenga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwa, na linapunguza kuni unazotumia. Halitamaliza tatizo. Lakini kila mzigo wa kuni usiotafutwa ni safari isiyofanywa na binti au mama kwenye vichaka vya watu wengine, na wanawake wa makazi haya wanajua hatari za safari hiyo. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha hata kama ziwa lisingekuwepo.

Tuje kwenye uamuzi. Uganda imegawa nchi katika kanda nne za usimamizi wa maji, na kanda ya Victoria ina ofisi yake Mbarara. Chini ya kanda kuna kamati za mabonde ya mito, Rwizi likiwemo, zinazokutanisha wilaya, viwanda, watumiaji maji na wananchi. Huko ndiko mipango ya mto mzima hujadiliwa: nani atatoa taka wapi, kingo zipi zirudishwe kwanza, fedha ziende wapi. Watu wa Nakivale wako mwisho wa mto, wanapokea kila kitu. Anayepokea kila kitu ana sababu kubwa ya kuwa kwenye meza hiyo.

Mkimbizi hapigi kura Uganda, lakini ana njia. Mwenyekiti wako wa RWC anaweza kupeleka jambo kwa mkuu wa makazi wa Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), na jirani yako mwenyeji anaweza kulipeleka LC1 hadi kata na wilaya, ambako kuna afisa wa mazingira na wa maliasili. Malalamiko yanayopita njia moja hukaa sana njiani. Yanayopita njia zote mbili kwa wakati mmoja, yakiwa na maneno yale yale na saini za pande zote mbili, ni vigumu kuyafungia kwenye droo. Ombi la kwanza liwe dogo na la wazi, kwa mfano kalavati moja ya barabara inayomwaga maji yote kwenye korongo moja. Ombi la kuokoa mto mzima halina pa kuanzia.

Wasomaji wetu walioko nchi nyingine mtaona mambo yanayofanana. Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inatenga mita 60 kutoka mtoni, na kuna jumuiya za watumiaji maji zinazosimamia vyanzo vyao. Nyarugusu iko mkoa wa Kigoma, ambako Mto Malagarasi na vinamasi vyake vimo kwenye orodha ya Ramsar tangu mwaka 2000. Kenya ina vyama vya watumiaji maji vinavyotambuliwa na sheria ya maji. Kakuma ni habari nyingine, kwa sababu lagga ya Tarach hukauka na kisha kuja kwa ghafla na mafuriko. Huko mtu hazuii tope tu, anazuia nyumba isibebwe. Lakini jambo moja linajirudia kote: jumuiya zenye nguvu ni zile ambazo wanachama wake wanatumia maji hayo na wanakutana kwa sababu zao wenyewe, hata mwaka ambao hakuna posho ya kikao.

Wakati hayo yakiendelea, nyumbani kwako kuna mambo ya leo. Maji ya matope usiyatie dawa moja kwa moja. Yaache yatulie, yamimine kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa au uyachemshe. Choo kisiwe karibu na mkondo wa maji wala juu ya chemchemi. Mita 30 ni kipimo cha chini cha kawaida. Usifulie nguo wala kuosha pikipiki ndani ya mto. Chota maji ukafulie mbali na ukingo, na yale machafu yamwage kwenye majani. Kama una bati, hata paa dogo la mita za mraba 30 linakusanya lita 600 kwa mvua ile ile ya milimita 20, na hizo ni jerikani 30 ambazo hukupanga foleni kuzipata.

Mvua kubwa za upande huu huja mara mbili, kuanzia Machi na kuanzia Septemba. Kabla hazijaanza, kikundi chako kinaweza kufanya jambo lisilo na gharama. Chukueni fimbo, itieni alama kila sentimita tano, ichomekeni katikati ya mtaro mmoja juu mlimani, na nyingine kwenye mdomo wa korongo linaloingia ziwani. Kila baada ya mvua, kijana mmoja anayejua kuandika asome udongo umefika alama ipi na kuandika tarehe kwenye daftari. Baada ya msimu mmoja mtajua mtaro wenu umeshika udongo kiasi gani, na korongo limeleta kiasi gani. Daftari hilo mwende nalo kwenye mkutano, mkimbizi na mwenyeji, mkae upande mmoja wa meza.